Kabla mtoto hajaacha shule kufuata mpira, ulizeni mlango wa kurudi

Tarehe 25 Juni 2025, katika ukumbi mmoja wa Brooklyn, New York, kijana wa miaka 18 aitwaye Khaman Maluach alitajwa jina lake na machozi yakamshinda mbele ya kamera. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kawempe pale Kampala, na mpira wa kikapu hakuanza kuucheza mpaka 2019. Kufikia 2024 alikuwa ameshaichezea nchi yake kwenye Olimpiki ya Paris. Akaingia Chuo Kikuu cha Duke, akakaa mwaka mmoja, akaaga. Houston Rockets ndio waliomchagua, nambari 10, na kwa mabadilishano ya timu akaishia Phoenix Suns.

Wengi wetu huku Pwani tuliiona video ile kwenye simu. Waliokumbuka jambo la pili ni wachache. Tarehe hiyo hiyo, 25 Juni, lakini mwaka 2009, jina la pili kutajwa katika drafti ya NBA lilikuwa la Mswahili mwenzetu, Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam aliyesoma Makongo, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3. Yeye naye aliacha chuo kabla ya wakati. Alikuwa amekaa Connecticut miaka mitatu, bado mmoja amalize.

Nawataja hawa wawili kwa sababu mabishano yao ni yetu pia. Kila Desemba, shule zikifungwa, yanarudi kwenye mabaraza kuanzia Gazi na Chale hadi Mwabungu na Ukunda. Mtoto ana kipaji cha mpira, ameitwa mahali, je, aache shule aende au amalize kwanza? Upande mmoja unasema elimu haiozi. Upande wa pili unasema miguu huzeeka, daftari litamngoja. Kila upande una methali zake na kila upande una mfano wa mtu aliyefanikiwa.

Mimi naona tunabishania swali lisilofaa. Kuondoka mapema peke yake si kosa wala si ujanja. La kuuliza ni hili: anaondoka kwenda kwa nani, kwa maandishi gani, na mambo yakiharibika anarudia mlango upi?

Thabeet alikosea?

Ukimtaja Thabeet leo, vijana wengi hucheka. Orodha za watu waliochaguliwa juu wakashindwa kung'ara hazimkosi. Na kweli, waliotajwa baada yake mwaka ule ni pamoja na James Harden, nambari 3, na Stephen Curry, nambari 7. Ukiwa na majina hayo mbele yako, ni rahisi kusema kijana wetu alikimbilia pesa akaharibikiwa.

Lakini tuhesabu kama watu wazima. Msimu wake wa mwisho chuoni alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa kila mechi. Chuo chake kilifika nusu fainali ya taifa kabla ya kutolewa na Michigan State. Alikuwa ametajwa mlinzi bora wa ligi yao, Big East, miaka miwili mfululizo. Drafti huwa na nafasi 60. Aliyechaguliwa wa pili, angebaki chuoni mwaka mmoja zaidi angepanda nafasi ngapi? Moja tu. Angeweza kushuka ngapi? Hamsini na nane, na goti likivunjika angeanguka nje ya orodha kabisa. Aliuza wakati bei iko juu. Hata mama muuza samaki pale Gazi anajua kuwa changu wa asubuhi hauzwi jioni.

Kilichomwangusha kilikuwa mahali alipotua. Katika drafti mchezaji hachagui timu, timu ndiyo humchagua. Memphis Grizzlies waliomchukua tayari walikuwa na Marc Gasol katika nafasi ile ile ya katikati. Thabeet akawa anapata wastani wa dakika 13 kwa mechi. Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards, ligi ya chini, na mpaka siku ile hakukuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa huko. Akapita Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 safari yake ya NBA ikaisha. Baadaye alicheza Japani na Taiwan.

Pamoja na hayo yote, mkataba wa mtu wa raundi ya kwanza ulimlinda. Kwa kanuni za NBA, miaka miwili ya mwanzo mshahara umehakikishwa, ucheze usicheze, uumie usiumie. Mwaka wa tatu na wa nne ni hiari ya timu. Thabeet alipata mamilioni ya dola kwa mikataba iliyoandikwa ikasimamiwa. Mpira haukumpa alichotarajia, lakini maandishi yalimpa alichoahidiwa. Shikeni hapo, nitarudi.

Mtazameni na Luol Deng, mzaliwa wa Wau, aliyekimbia vita na familia yake hadi Misri, kisha London. Alikaa Duke mwaka mmoja tu, akachaguliwa nambari 7 mwaka 2004. Alicheza NBA miaka 15, akaitwa mechi ya nyota wote mara mbili, na leo ndiye rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini lililompeleka Maluach Paris. Aliondoka mapema kuliko Thabeet na akafika mbali kuliko yeye. Kwa hiyo anayesema "kuacha chuo ndiko kulikomharibu Thabeet" aeleze kwa nini hakukumharibu Deng.

Aliyefungiwa milango yote miwili

Kisa kinachonitisha ni cha mchezo ambao huku hatuuchezi, ule wa Wamarekani wa kuvaa kofia ngumu na kubeba mpira mikononi. Ligi yao, NFL, ina sharti kwamba kijana hachukuliwi mpaka iwe imepita miaka mitatu tangu amalize sekondari. Wanasema mwili wa mtoto hauwezi kugongana na wa mtu mzima, na pia vyuo havitaki kunyang'anywa wachezaji wao haraka.

Ndani ya sharti hilo wapo wanaoondoka mwaka mmoja kabla ya kuhitimu na wakafanikiwa. Mohamed Sanu, Muislamu, mtoto wa wazazi wa Sierra Leone, alikuwa mdakaji wa Chuo Kikuu cha Rutgers. Aliondoka mwaka wa tatu, Cincinnati wakamchagua raundi ya tatu mwaka 2012, akacheza misimu kumi na kufika fainali kuu ya Super Bowl. Kazi ya mdakaji ni kukimbia, kuruka na kupokea mpira huku anagongwa, kwa hiyo ana haki ya kuhesabu miaka yake. Wengi katika ligi ile hawafikishi hata miaka minne.

Sasa msikilizeni mdakaji mwingine, Mike Williams wa Chuo Kikuu cha Southern California. Mwaka 2003 mchezaji mwenzake wa chuo kingine, Maurice Clarett, aliishtaki NFL akitaka lile sharti la miaka mitatu lifutwe. Mwezi wa Februari 2004 hakimu akampa ushindi. Williams, aliyekuwa na miaka miwili tu tangu sekondari, akaona mlango umefunguka. Akatangaza kuingia drafti, akachukua wakala, akaacha masomo. Kabla ya drafti kufika, mahakama ya rufaa ikausimamisha uamuzi ule, na Mei ikaupindua. NFL ikamwambia bado hujatimiza miaka. Akarudi chuoni, na shirika linalosimamia michezo ya vyuo, NCAA, likamwambia umeshachukua wakala, wewe si mwanafunzi mchezaji tena. Msimu mzima wa 2004 akawa hana timu huku wala kule. Mwaka 2005 Detroit walimchagua nambari 10, lakini hakuwahi kuwa yule aliyetazamiwa. Clarett mwenyewe alichaguliwa mwaka huo na Denver, na hakucheza hata mechi moja ya msimu.

Williams hakuwa mjinga wala mvivu. Aliamini uamuzi wa mahakama, jambo ambalo mtu yeyote angeamini. Kosa lilikuwa kutoka kabla ya kujua kama mlango wa nyuma bado uko wazi. Wazee wetu wana neno lake: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha umechakaa, ndiyo, lakini ni wako. Msala ule mzuri unapita tu, na anayeubeba hujui anakwenda nao wapi.

Wamarekani walijifunza kidogo. Siku hizi mchezaji wa kikapu chuoni anaruhusiwa kujiandikisha kwenye drafti, akapimwa na timu, akaambiwa ukweli wa thamani yake, na akijitoa kabla ya siku iliyowekwa anarudi darasani bila kupoteza chochote. Na tangu Julai 2021 mwanamichezo wa chuo anaweza kulipwa kwa matangazo ya jina lake. Tangu mwaka 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Wengi sasa hawana haraka ya kuondoka. Isipokuwa watoto wetu. Mtoto wa Afrika aliyeko kule yuko kwa viza ya mwanafunzi, na viza hiyo inambana asifanye kazi ya malipo kama wenzake. Mwenzake Mmarekani analipwa akibaki, yeye anabaki na kiti na chakula cha bwenini. Mkimuona Mwafrika anakimbilia drafti baada ya mwaka mmoja, msiseme ni tamaa.

Karatasi ya jirani yangu

Niyalete haya nyumbani. Mwezi uliopita jirani yangu mmoja upande huu wa Chale, mvuvi, alinijia na karatasi mkononi. Akaniambia, "Ndugu yangu, wewe umesoma, nisomee hii." Diploma yangu si ya sheria, lakini kusoma najua.

Mwanawe ana miaka 16, winga wa kulia, amemaliza kidato cha tatu. Nimemuona akicheza, na sisemi kwa kuwa ni mtoto wa jirani, mtoto ana mpira. Bwana mmoja alimuona kwenye mashindano ya mtaani, akachukua video, akarudi na karatasi. Inasema kijana atapelekwa kufanya majaribio kwa klabu ya nchi moja ya Ghuba. Jina la klabu limeandikwa, anwani hakuna. Bwana huyo anajitaja mwakilishi wake kwa miaka mitano. Mzazi anatakiwa kutoa shilingi 85,000 za "kushughulikia", na cheti cha kuzaliwa chenyewe, si nakala. Safari ni Januari, wiki ile ile shule zinafunguliwa.

Jirani yangu alikuwa anataka kuuza mashine ya boti. Mashine hiyo ndiyo inayolisha nyumba ya watu wanane. Mamake kijana hataki. Kijana mwenyewe hali vizuri, anasubiri jibu la wazazi kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

Simtaji bwana yule wala sitasema ni mwongo, kwa sababu sijui moyo wake. Nasema tu karatasi yake haipiti mbele ya kanuni za mpira wenyewe, na kila mzazi anaweza kuzijua kanuni hizo bila kulipa mtu.

Sheria zinasemaje

La kwanza. FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Vighairi ni vichache: kwa mfano wazazi wake wawe wamehamia huko kwa sababu zisizohusu mpira, au awe wa miaka 16 hadi 18 akihama ndani ya nchi za Ulaya. Kipo pia cha watu wa mpakani, ambacho sisi wa karibu na Lunga Lunga tunapenda kukisikia, lakini kina masharti yake: nyumba ya mchezaji na klabu ya ng'ambo kila moja iwe ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, mtoto aendelee kulala kwao, na mashirikisho yote mawili yakubali. Ghuba haimo. Kijana wa miaka 16 kutoka Kwale kwenda kusajiliwa na klabu ya Ghuba peke yake, hakuna mlango huo.

La pili. Wakala wa mpira lazima awe na leseni ya FIFA, na orodha ya wenye leseni iko wazi mtandaoni, unaingiza jina unaona. Mkataba wake wa kumwakilisha mchezaji hauruhusiwi kuzidi miaka miwili. Mkataba wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 na klabu nao hauruhusiwi kuzidi miaka mitatu. Ukiona karatasi ya miaka mitano mbele ya mtoto wa miaka 16, aliyeiandika hazijui sheria au hazijali, na yote mawili ni hatari sawa.

La tatu. Wakala wa kweli hulipwa asilimia ya kile kitakachopatikana. Anayetaka pesa kwanza, biashara yake ni wewe, siyo mtoto wako. Watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa hili. Tumewaona mawakala wa kazi za ndani Saudia wakija na karatasi nzuri, na tumewapokea dada zetu uwanja wa ndege Moi wakirudi mikono mitupu. Njia ni ile ile, safari hii imevaa jezi.

La nne ndilo ninalotaka wazazi wa kidato cha pili na cha tatu walisikie vizuri. Mfumo wa 8-4-4 unakwisha. Mtihani wa mwisho wa KCSE katika mfumo huo umepangwa kuwa 2027. Mtoto wa jirani yangu yuko katika darasa la kufanya KCSE mwaka 2026. Nyuma yake limebaki darasa moja tu, kisha basi. Zamani kijana aliyekwenda kujaribu bahati yake miaka miwili akakosa, angerudi shuleni akaungana na wadogo zake. Serikali hata ilitoa mwongozo mwaka 2020 wa kuwarudisha shuleni walioacha. Lakini akiondoka Januari hii na kurudi 2028, darasa aliloliacha halipo. Atakuta watoto wa Gredi ya 12, mtaala mwingine, mitihani mingine. Huyo ndiye Mike Williams wetu: ametoka mlango wa mbele, na wa nyuma umejengwa ukuta.

Ndiyo maana nasema mwaka huu si kama miaka mingine. Ushauri uliofaa kwa kaka yake mwaka 2018 haufai kwake leo.

Na Wanyama je?

Najua swali litakalonifuata barazani. Victor Wanyama je, hakuondoka akiwa mdogo? Aliondoka. Alikuwa Helsingborg kule Sweden akiwa tineja, akaenda Beerschot ya Ubelgiji, Celtic mwaka 2011, na mwaka 2013 Southampton, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Lakini aliyemtangulia Sweden ni kaka yake wa damu, McDonald Mariga, aliyekuwa anacheza klabu hiyo hiyo. Mtoto hakupelekwa na mtu wa video. Alimfuata nduguye. Nani amemtangulia mtoto wako huko anakokwenda?

Na wapo waliongoja wasipoteze kitu. Michael Olunga alimaliza Upper Hill, akaingia Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kusomea uhandisi huku akifunga mabao Gor Mahia, ndipo 2016 akaenda Djurgården ya Sweden akiwa mtu mzima. Mwaka 2020 alifunga mabao 28 katika ligi ya Japani akatangazwa mchezaji bora wa ligi nzima. Hakuna aliyesema amechelewa.

Sitaki kumfanya Olunga fimbo ya kumchapia kila mtoto. Wapo vijana wetu ambao shule haina la kuwapa, karo haipo, na klabu ya ligi ya hapa nchini inawataka kwa mkataba ulioandikwa na mshahara unaojulikana. Kijana wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha nne, akaitwa na Bandari pale Mbaraki, aende na dua za wazazi. Klabu ina ofisi, FKF inaijua, na akiumia nyumbani ni kivuko kimoja tu. Hata aliye shuleni bado, klabu ikikubali kumsajili aendelee kusoma, hilo ni jambo la heri.

Kwetu huku watu wa mikoko wanajua daraja za miti: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Fito ina soko, hakuna anayekataa. Ila ukishaikata, haitakuwa boriti tena. Anayekata fito awe amepiga hesabu, asiwe amesukumwa na mnunuzi aliyesimama ufuoni na haraka zake.

Kijiji nacho kina haki yake

Liko jambo ambalo vilabu vyetu vya mitaani vinalipoteza kila mwaka kwa kutojua. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya pesa hiyo hugawiwa vilabu vyote vilivyomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Wanyama alipohamia Southampton, ada iliyotajwa ilikuwa pauni milioni 12.5. Asilimia 5 yake ni pauni 625,000. Sehemu ndogo tu ya hapo ingejenga uwanja wenye ukuta na vyoo katika kijiji chochote cha Msambweni.

Lakini pesa hiyo hufuata kumbukumbu. Klabu iwe imesajiliwa na shirikisho, na mtoto awe amesajiliwa katika klabu hiyo, mwaka kwa mwaka. Timu zetu nyingi zina jezi, zina kocha anayejitolea baada ya Alasiri, zina mashabiki, lakini daftari hazina. Mtoto akipelekwa na mtu wa video kwa mlango wa uani, kijiji kinafutwa kwenye historia yake. Ukitaka kujua kwa nini baadhi ya mawakala wanapenda watoto wa mapema na wa kimya kimya, sababu moja ni hiyo.

Kaunti na Waziri wetu

Waziri wa michezo wa nchi hii leo ni mwana wa Kwale, Salim Mvurya. Akiwa gavana ndiye aliyeanzisha mpango wa Elimu ni Sasa, na wapo wahandisi na wauguzi kutoka vijiji hivi waliosoma kwa pesa hizo. Gavana Fatuma Achani amekuwa ndani ya uongozi huo tangu mwanzo. Hawa wawili wanaijua thamani ya kiti cha darasani kuliko mtu yeyote. Nawaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji uwanja wa mabilioni.

Kwanza, ofisi ya michezo ya kaunti iwe na dawati la kukagua karatasi. Mzazi aje na mkataba, afisa aangalie leseni ya wakala, aipigie simu klabu, ampe mzazi jibu kwa Kiswahili bila malipo. Jirani yangu hakupaswa kuja kwangu.

Pili, mwanafunzi aliyepata nafasi ya kweli, iliyokaguliwa, awekewe ufadhili wake kwa miaka miwili. Akikosa, anarudi na karo yake ipo. Huo ndio mlango wa kurudi ambao Wamarekani waliuweka baada ya watoto wao kuumia.

Tatu, Januari 2026 ndiyo ya wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 kuingia sekondari ya juu, na moja ya mikondo mitatu ni ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa mara ya kwanza mtoto anaweza kuusoma mpira ndani ya shule badala ya kuikimbia shule ili aucheze. Lakini mkondo huo bila walimu, bila uwanja na bila mipira utabaki jina kwenye fomu. Watuambie shule zipi za Msambweni, Matuga, Lunga Lunga na Kinango zitakuwa nao kwa vitendo.

Agosti 2025 tulishangilia CHAN, Harambee Stars wakafika robo fainali, wakatolewa na Madagascar kwa penalti. Mwaka 2027 tunaandaa Kombe la Afrika pamoja na Tanzania na Uganda. Macho ya wanunuzi yatazidi kuelekea huku, na karatasi za kina bwana yule zitazidi kuwa nzuri. Tusingoje mpaka hapo.

Mzazi aliye na kijana wa aina hii nyumbani, fanya haya kabla shule hazijafunguliwa. Litafute jina la wakala katika orodha ya FIFA, na kama huna simu ya kufanya hivyo mwombe mwalimu au imamu wa msikiti wako akutafutie. Usitoe senti ya "kushughulikia". Usikabidhi cheti cha kuzaliwa chenyewe. Mwambie anayemtaka mtoto kwamba KCSE ni Novemba, asubiri. Anayemtaka kwa dhati atasubiri miezi kumi na moja, maana kipaji cha miaka 16 hakiozi kwa miezi kumi na moja. Asiyeweza kusubiri ameshakujibu swali lako.

Na wewe kijana, riziki yako ameiandika Mola na hakuna wakala anayeweza kuifuta kwa kuwa ulikaa shuleni mwaka mmoja zaidi. Cheza mpira wako, soma, na siku ya kuondoka ikifika, ondoka ukiwa na maandishi mkononi na mlango nyuma yako ulio wazi.